Mcheza Kwao Hutunzwa: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Kikapu cha Vyuo vya Marekani, Pesa na Wajibu

Nilizaliwa Tanga, naishi Lexington, Kentucky. Mchana nafanya kazi ya hesabu na kuwajazia watu fomu za kodi. Jioni mbili kwa wiki nafundisha vijana wa mtaani mpira wa kikapu. Februari hadi Aprili kazi hizi mbili hugongana, kwa sababu msimu wa kodi na msimu wa mashindano makubwa ya vyuo ni ule ule, na maswali ninayoulizwa mezani ndiyo ninayoulizwa uwanjani. Nimeyakusanya hapa. Maoni ni yangu.

## Mwanzo

Kwa nini watu wa Kentucky wanaupenda hivi mpira wa chuo?

Jimbo halina timu ya NBA, ligi kuu ya kulipwa. Chuo Kikuu cha Kentucky ndicho timu ya taifa yao: mataji 8, la kwanza 1948 na la mwisho 2012, na ukumbi wa Rupp unaochukua watu zaidi ya 20,000. Mgeni akitaka kuzoeana na jirani hapa, ajifunze majina ya wachezaji kabla ya kujifunza majina ya barabara.

Historia hiyo ina doa ambalo nawaambia vijana wangu mapema. Mwaka 1966 Kentucky, timu ya wachezaji weupe watupu, ilifika fainali ikakutana na Texas Western iliyoanza na wachezaji 5 weusi. Texas Western ilishinda 72 kwa 65.

Na Waswahili tunaingia wapi?

Mlango wa mbele. Lexington imejaa familia zilizotoka Kongo, na Kiswahili unakisikia kwenye foleni ya duka na kwenye mabasi ya shule. Oscar Tshiebwe, aliyetajwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky, ni mtoto wa Lubumbashi. Msimu ule alikuwa akinyakua wastani wa ribaundi 15.1 kila mchezo, yaani mipira iliyokosa kikapu ikarudi. Nilimwona mama mmoja mwenye kitenge amesimama juu ya kiti kule juu kabisa ya ukumbi, anamwita kwa Kiswahili cha Katanga kana kwamba mwana atamsikia katikati ya kelele za watu 20,000.

## Pesa

Pesa yote hii inatoka wapi?

Televisheni. Mashindano ya Machi yalianza 1939 yakiwa na timu 8. Mwaka 2011 zilifika timu 68. Mwaka 2010 kampuni za televisheni za CBS na Turner zilikubali kulipa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, na mwaka 2016 zikaongeza bilioni 8.8 kwa miaka 8 zaidi, hadi 2032. Pesa hiyo hupita kwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, halafu sehemu yake hugawiwa konferensi, yaani umoja wa vyuo vinavyocheza ligi moja, kwa kuhesabu michezo ambayo timu zake zimecheza kwenye mashindano. Fungu la mchezo mmoja hulipwa kidogo kidogo kwa miaka 6, na jumla yake hukaribia dola milioni 2.

Kwa hiyo kijana wa miaka 19 akifunga kikapu cha dakika ya mwisho na timu yake ikapata mchezo mwingine, mtu anaandika tarakimu mahali. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa yeyote isipokuwa yule kijana.

Kwa nini hawakulipwa miaka yote hiyo?

Kwa sababu wanunuzi walikubaliana. Nawaelezea wazazi kwa machungwa ya Muheza. Wenye malori wakikaa chumba kimoja wakaafikiana bei ya juu kabisa watakayolipa kwa tenga, mkulima hata akiwa na machungwa matamu kuliko yote atauza bei hiyo au yaozee shambani. Vyuo zaidi ya 300 vilikaa chumba kimoja vikaafikiana kwamba bei ya mchezaji ni ada, chumba na chakula, basi.

Jina la “mwanafunzi-mwanamichezo” lenyewe lilibuniwa miaka ya 1950, chini ya Walter Byers aliyeiongoza NCAA tangu 1951 hadi 1987. Mwaka 1955 mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aitwaye Ray Dennison aliumia kichwa uwanjani huko Colorado akafa. Mjane wake aliomba fidia ile anayopewa mjane wa mfanyakazi yeyote aliyekufa kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ilimnyima. Neno lile liliwasaidia wakubwa kusema: huyu alikuwa mwanafunzi, hakuwa kazini. Kila nikilisikia namkumbuka yule mjane.

Pesa isipokwenda kwa mchezaji inakwenda wapi?

Kwa kitu cha karibu kilicho adimu. Ukikatazwa kumlipa mchezaji, utamlipa yule anayeweza kumshawishi mchezaji aje, na huyo ni kocha. Mwaka 2019 John Calipari alipewa na Kentucky mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 86 hivi. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kumzidi gavana na daktari bingwa, ni kocha wa chuo cha serikali. Zinazobaki zinajenga vyumba vya kubadilishia nguo vyenye makochi ya ngozi. Simlaumu kocha kuchukua anachopewa. Nalaumu kanuni iliyoiziba njia moja ya maji ikashangaa yakifurika nyingine.

Lakini si walikuwa wanapewa elimu bure?

Walipewa, na siidharau. Shahada bila deni Marekani ni mali. Binti niliyemfundisha kupiga chenga sasa ni muuguzi kwa sababu chuo kidogo kilimlipia miaka 4, na hakuna mkataba wa viatu ambao ningemshauri abadilishane nao.

Lakini elimu ni mshahara, na huu uliwekwa na mlipaji peke yake. Ufadhili wenyewe kwa muda mrefu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, kocha akikuchoka hauongezwi. Mwaka 2014 Shabazz Napier alipokiongoza chuo cha Connecticut kutwaa ubingwa, aliwaambia waandishi kwamba kuna usiku alikuwa akilala na njaa. Jezi yenye namba yake ilikuwa ikiuzwa madukani. Siku chache baadaye NCAA iliruhusu vyuo kuwalisha wachezaji bila kikomo. Ilihitaji bingwa aseme hadharani ana njaa ndipo watu wazima wabadilishe kanuni ya chakula.

Nini kilibadilika?

Mahakama. Ed O'Bannon, bingwa na chuo cha UCLA mwaka 1995, aliona sura yake kwenye mchezo wa video ambao hakulipwa hata senti, akashtaki mwaka 2009, na mwaka 2014 jaji Claudia Wilken akampa haki. Tarehe 21 Juni 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema NCAA haiko juu ya sheria ya ushindani wa biashara. Siku 10 baadaye, 1 Julai 2021, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, ile haki inayoitwa NIL. Tarehe 6 Juni 2025 jaji Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House: karibu dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka iliyopita, na kuanzia 1 Julai 2025 chuo kinachojiunga kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Basi sasa soko ni huru?

Bado. Hiyo milioni 20.5 ni kikomo, na wachezaji hawakukaa mezani kama chama kukijadili. Katika NBA kuna kikomo pia, lakini kimejadiliwa na chama cha wachezaji. Machi 2024 wachezaji wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi. Mwisho wa mwaka ule ombi liliondolewa. Nadhani siku moja litarudi kwa jina jingine na chuo kingine, na nitaliunga mkono.

Hasara nayo ipo na nisiifiche. Vyuo vinapunguza nafasi kikosini, na kijana aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi bila ufadhili, kwa mapenzi tu, anakosa kiti. Hilo linaniuma.

Timu ndogo zitaishi vipi?

Kwa shida. Machi 2022 Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, kiliitoa Kentucky mchezo wa kwanza kabisa, 85 kwa 79 baada ya muda wa nyongeza. Tshiebwe alifunga 30 na kunyakua ribaundi 16 na haikutosha. Mtaa wetu ulikuwa kimya kama kuna msiba. Saint Peter's walifika hadi hatua ya timu 8 bora. Wiki haikuisha vizuri kocha wao akachukuliwa na chuo cha Seton Hall, na wachezaji karibu wote waliotufunga wakahama.

Wengine huniletea mfano huu kuonyesha kwamba uhuru wa wachezaji umeua timu ndogo. Naurudisha kwao: kocha ndiye aliyetangulia kutoka, na hakuna aliyemwita msaliti. (Kuhusu kuhama, tazama sehemu ya wajibu.)

Na wasichana?

Wamedhulumiwa kuliko wote, na wao ndio wanaokua kwa kasi. Mwaka 2021 mashindano ya wanaume, huko Indianapolis, yalikuwa na ukumbi mzima wa vyuma vya mazoezi. Wanawake, huko San Antonio, walipewa rundo moja la vyuma vidogo na mikeka ya yoga, mpaka mchezaji Sedona Prince alipolipiga picha ya video dunia nzima ikaona. Miaka 3 baadaye fainali ya wanawake, South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, ilitazamwa na watu karibu milioni 18.9. Ya wanaume mwaka huo: milioni 14.8. Na ni mwaka 2025 tu ndipo timu za wanawake zilipoanza kuziingizia konferensi zao fungu la kila mchezo. Mwenye binti asimwambie mpira ni wa kaka yake.

## Wajibu

Unasema walipwe, kisha unawahubiria wajibu. Uko upande gani?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na pande zote mbili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwenye taarabu mwimbaji akikukuna moyo unainuka na noti mkononi unamtunza mbele ya watu wote. Huo ni upande wangu wa kwanza: anayetufurahisha alipwe, tena hadharani.

Upande wa pili unatoka humo humo. Aliyenyimwa bei ya kazi yake ukimhubiria wajibu unamwonea, maana hana cha kuchagua. Aliyepewa bei na kalamu ya kusaini ameshika uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Kijana wa leo anasaini mikataba ambayo baba yake hajawahi kuiona. Nikimwambia ausome ukurasa wote, namheshimu kama mtu mzima.

John Wooden, aliyeipa UCLA mataji 10 kati ya 1964 na 1975, alianza mazoezi ya kwanza ya kila mwaka kwa kuwafundisha wachezaji kuvaa soksi. Unaivuta mpaka kidole, unapitisha kiganja kisigino hadi ncha kuhakikisha hakuna mkunjo, ndipo viatu. Mkunjo huzaa lengelenge, lengelenge humkosesha mtu mchezo. Nawafundisha hivyo hivyo vijana wangu, sakafuni, miguu mitupu. Wooden mwenyewe hakuwahi kulipwa mamilioni.

Kijana wangu amepata mkataba wa kwanza. Afanye nini kwanza?

Atenge kodi. Mwaka juzi kijana mmoja alikuja na bahasha ambayo haijafunguliwa tangu Januari. Niliipasua kwa kijiko cha chai kilichokuwa mezani. Ndani mlikuwa na fomu 1099, karatasi ya kodi inayoonyesha alicholipwa: dola 38,000. Akaunti yake ilikuwa na dola 212. Hakuna aliyemwibia: alinunua gari, akamlipia mama kodi ya nyumba, akanunua viatu vya wenzake. Hakujua kwamba pesa ya NIL huingia bila kukatwa kitu, kwamba serikali inamhesabu kama mtu aliyejiajiri, na kwamba kabla hata ya kodi ya mapato kuna asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya uzeeni. Kisha kuna jimbo. Alikaa akiitazama ile karatasi muda mrefu, mikono katikati ya magoti. Tulimwandikia mpango wa kulipa kwa awamu, na ameulipa wote.

Tangu siku ile nasema hivi: pesa ikiingia, 30 katika kila 100 iende akaunti nyingine isiyo na kadi, siku hiyo hiyo. Kodi hulipwa mara 4, katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Na kama familia inapata msaada wa serikali wa ada au chakula, mwulizeni mtaalamu kabla ya kusaini, kwa sababu mapato mapya yanaweza kuupunguza.

Ndugu wakianza kuomba?

Wataanza, na si wabaya. Sisi tulisomeshwa na mchango wa ukoo, na mtoto aliyelelewa na watu 9 hawezi kula peke yake akalala usingizi. Wamarekani wengi humshauri mchezaji wa Kiafrika akate tu. Sikubaliani nao. Akikata anabaki na pesa bila watu, na pesa yenyewe ni ya miaka miwili.

Ninachoshauri ni kiasi kimoja kinachojulikana, kila mwezi, kwa mtu mmoja anayeheshimika ukooni ambaye ndiye atakayegawa. Shangazi ni bora kuliko mjomba, hilo nimelishuhudia. Simu ya saa nane usiku ikilia, kijana anajibu: “Shikamoo baba mdogo. Ya mwezi huu iko kwa shangazi.” Adabu imebaki, na mlango una mlinzi. Kitu kikubwa kama shamba au nyumba kisubiri hadi msimu uishe, na kiandikwe kwa jina la aliyetoa pesa.

Kuhama chuo kila mwaka ni utovu wa shukrani?

Si utovu. Mfumo wa kielektroniki wa uhamisho ulianza Oktoba 2018. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 mara nyingi apendavyo akiwa anafaulu masomo. Calipari alihamia Arkansas mwaka huo huo wa 2024. Uhuru wa mkubwa umemfikia mdogo.

Lakini hesabu alama za masomo kabla ya kuhesabu dola. Kila chuo kina taratibu zake za kukubali masomo ya kwingine, na aliyehama mara 3 anaweza kumaliza miaka yake ya kucheza akiwa bado na mwaka mzima au zaidi wa darasani, bila mlipaji. Na amuage kocha wake ana kwa ana, kwa mdomo wake, mezani. Kocha asisome habari hiyo kwenye simu.

Akiweka mkeka tu, mdogo, na marafiki?

Hapana, hata wa dola 5. Kubeti michezo ya vyuo ni marufuku kwa mchezaji. Kubeti kumeruhusiwa Kentucky tangu Septemba 2023, kwa hiyo kishawishi kiko mfukoni mwake. Hapa hapa tunajua mwisho wake: mwaka 1951 ilibainika kwamba Ralph Beard na Alex Groza, mabingwa wa chuo na wa Olimpiki ya 1948, walipokea pesa za wacheza kamari. NBA iliwafungia maisha, na Kentucky haikucheza msimu wa 1952–53. Na asimwambie mtu yeyote nani anaumwa goti. Habari hiyo nayo ina wanunuzi.

## Wazazi wa kwetu

Mwanangu ana miaka 14 na amenipita urefu. Nimtoe masomo ya ziada acheze?

Vyuo vya daraja la kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA, ni zaidi ya 350. Kila kimoja kikiwa na wachezaji 15, hao ni zaidi ya 5,000. NBA huchagua watu wasiozidi 60 kwa mwaka, na baadhi yao hutoka ng'ambo. Masomo yabaki, mpira uongezwe.

Hasheem Thabeet si alishindwa?

Swali hili linanikera, na nitalijibu kwa upole. Kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15 alikwenda Connecticut, akawa mlinzi bora wa konferensi ya Big East mwaka 2008 na 2009, na akachaguliwa wa 2 katika NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, ambao baadaye walikuwa nyota wakubwa. Watu husimulia hayo majina mawili tu na kucheka. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kufika huko. Kila ninayemfundisha anayetoka Tanzania analijua jina lake kabla hajaweza kupiga mpira kwa mkono wa kushoto.

Tuna viza ya mwanafunzi. Anaweza kupokea pesa za NIL?

Hapa ndipo wengi huharibu. Mwenye viza ya mwanafunzi, ile F-1, haruhusiwi kufanya kazi Marekani nje ya mipaka michache, na kutengeneza tangazo ni kazi. Tshiebwe alikuwa na viza hiyo. Timu ilipokwenda kucheza Bahamas Agosti 2022, alizifanya shughuli zake za matangazo kule, nje ya ardhi ya Marekani. Anayevunja sharti hili hapotezi pesa tu, anaweza kupoteza viza.

Mtoto aliyekuja kama mkimbizi ni habari nyingine: anaruhusiwa kufanya kazi tangu anafika. Familia nyingi za Kikongo hapa ziko kundi hili na hazijui, zinakataa pesa halali kwa hofu. Chukueni karatasi zote mwende kwa wakili wa uhamiaji, msiende kwa rafiki mwenye uzoefu.

Kaja nchini akiwa na miaka 15. Masomo yake yatatosha?

Daraja la kwanza linataka masomo ya msingi 16 ya sekondari, 10 kati yake yakamilike kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, na wastani wa 2.3. Madarasa mengi ya Kiingereza cha wageni hayahesabiwi humo. Mtoto anaweza kukaa darasani miaka miwili, afaulu yote, na bado awe nyuma. Nendeni kwa mshauri wa shule mwaka wa kwanza, na ombeni orodha ya masomo yanayohesabiwa, kwa maandishi.

Kwenye karatasi za kambi ya wakimbizi mwanangu aliandikiwa amezaliwa 1 Januari, lakini si tarehe yake. Nifanye nini?

Wengi wana 1 Januari. Afisa alikuwa na foleni ndefu na mama hakuwa na cheti. Kama mna ushahidi wowote, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, anzeni kuomba marekebisho kwa njia ya sheria sasa, mtoto akiwa bado mdogo na hakuna chuo kinachomtaka. Msijaribu kuibadilisha akiwa na miaka 18 na makocha wamepanga mstari mlangoni. Hapo hata ukweli utaonekana wizi. Na kama hakuna ushahidi, acheni ile iliyoandikwa, mtumie hiyo hiyo kila mahali, shuleni, hospitali, na kwenye fomu ya timu.